Ujumbe ulitumwa lakini meli haikuupata: programu za ordinatere zinasaidia wapi, na zinashindwa wapi

Tarehe 8 mwezi wa 6 mwaka wa 1967, saa nane ya mchana, meli moja ya jeshi la majini la Marekani, jina lake USS Liberty, ilikuwa inatembea polepole mbele ya mwambao wa Sinai, upande wa Misri. Ilikuwa siku ya ine ya vita kati ya Israeli na inchi za Kiarabu. Kazi ya meli hiyo ilikuwa kusikiliza mawasiliano ya redio ya wengine. Ndege za Israeli ziliipiga, kisha mashua za vita zikaja na torpedo. Watu 34 walikufa ndani ya meli, na zaidi ya 170 waliumia. Israeli ilisema ilikosea, ilidhani ni meli ya Misri. Iliomba radhi na kulipa fidia. Wamoja kati ya wenye walipona hawakubali maelezo hayo mpaka leo.

Lakini kuna jambo moja lenye pande zote wanakubali: meli hiyo haikupaswa kuwa pale. Wakubwa wa jeshi kule Washington walikuwa wameshaamua isogee mbali, maili 100 za bahari kutoka mwambao. Amri iliandikwa na amri ilitumwa, lakini haikufika kwa wakati.

Juu ya ujumbe huo kuna alama 080110Z. Maana yake ni tarehe 8, saa saba na dakika kumi ya usiku kwa saa ya Greenwich. Kwa saa ya Goma na Bukavu, ni saa tisa na dakika kumi ya usiku. Ndege za kwanza zilipiga saa nane ya mchana. Kati ya alama hiyo na bomu la kwanza, ilipita karibu saa kumi na moja nzima. Kwa saa kumi na moja meli ya namna ile ingekuwa imeshafika mbali sana.

Ni kisa cha zamani, na cha bahari za mbali. Hata hivyo, swali lake ni lile lenye wakaaji wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika wanauliza karibu kila mwezi: tulitoa habari, ilifikia nani? Na majibu yenye majeshi ya majini walitafuta, kwanza kwa karatasi, kisha kwa programu za ordinatere, yanaonyesha vizuri mahali mashine inasaidia na mahali inaacha mzigo kwa mtu.

Ujumbe ulikuwa unatembea namna gani

Ili kuelewa, tuache kwanza simu za leo. Katika miaka ya 1950 na 1960, ujumbe wa kwenda kwenye meli ya vita ulianza kwenye karatasi. Afisa aliandika, mkubwa wake akatia sahihi, karatasi ikapelekwa kwenye biro ya mawasiliano. Pale mfanyakazi aliandika maneno hayo kwenye teleksi, mashine yenye kutoboa matundu katika ukanda mrefu wa karatasi. Kila herufi ilikuwa na matundu yake.

Ukanda ule ulipitishwa katika mashine nyingine, sauti zikaenda kwa waya au kwa redio mpaka kituo cha pili. Kule ukanda mwingine ulitoboka wenyewe. Mfanyakazi aliukata kwa mkono, akasoma anwani ya juu, akauweka katika mashine yenye kuelekea kituo cha tatu. Katika njia ndefu, ujumbe mmoja ulipita mikononi mwa watu wengi wenye hawakujuana, na kila mmoja alikuwa na ukanda mwingine kumi mezani pake.

Mwendo wenyewe ulikuwa mdogo. Mashine za kawaida za wakati ule zilipitisha maneno 100 kwa dakika. Tupige hesabu: ujumbe wa maneno 300 unachukua dakika tatu. Kwa saa moja, njia moja inapitisha ujumbe 20. Siku ya amani, hiyo inatosha. Siku ya vita, wakati kila biro inataka kusema, foleni inakuwa kama ya magari kwenye kivuko chenye bato moja.

Njo maana kila ujumbe ulipewa ngazi ya haraka. Mpaka leo majeshi ya Marekani na wenzao wa NATO wanatumia ngazi ine. Ngazi ya chini ni ya kawaida, yenye kanuni za jeshi la majini zilitaka ifike ndani ya saa sita. Juu yake kuna ya kutangulizwa, saa tatu. Inafuata ya haraka, dakika 30. Ya juu kabisa inaitwa flashi, na hiyo inapaswa kufika kabla ya dakika kumi kwisha. Flashi ikiingia, yote mengine yanasimama.

Ndani ya meli kazi haikuwa imekwisha. Meli nyingi zilisikiliza matangazo ya pamoja: kituo cha inchi kavu kinatuma ujumbe wa meli zote kwa mfululizo, usiku na mchana, na kila meli inachagua ya kwake. Ni kama matangazo ya vifo na mikutano redioni. Yanasomwa yote, na kila familia inatega sikio isikie jina lake. Mhudumu wa redio alisoma karatasi moja moja, akatupa za wengine, akaweka za meli yake katika ubao wenye kubana karatasi. Kisha mtu alizunguka na ubao huo, kutoka chumba cha kapiteni mpaka chumba cha mashine, kila mkubwa akisoma na kutia alama.

Amri ya Liberty ilipotelea wapi

Katika kisa cha Liberty, makosa hayakuwa moja. Kwanza kulikuwa na simu. Washington ilipiga simu makao ya jeshi Ulaya ikasema meli isogee. Lakini upande wa jeshi la majini Ulaya walitaka maandishi kabla ya kutoa amri. Kwa kanuni, walikuwa na haki, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kupiga simu. Lakini saa zilipita.

Pili, nakala ya ujumbe wenye kusema maili 100, yenye ilipaswa kuelekea Liberty, ilipewa njia mbaya. Ilienda mpaka Ufilipino, upande mwingine kabisa wa dunia. Kutoka Ufilipino ikarudishwa Washington. Kutoka pale ikatumwa kituo kimoja cha Fort Meade, katika jimbo la Maryland, ikabaki kule. Meli iko mbele ya Sinai, amri yake imelala Maryland.

Tatu, kulikuwa na msongamano. Vita vilikuwa siku ya ine. Kila biro iliandika "haraka" juu ya karatasi yake. Wakati yote ni ya haraka, hakuna ya haraka tena. Amri yenye kuokoa maisha ya watu ilikaa katika foleni moja na habari zenye zingengoja mpaka kesho.

Mwaka wa 1971, kamati ya bunge la Marekani yenye ilichunguza mawasiliano ya jeshi ilitoa ripoti kali sana juu ya jambo hilo. Na hapa kuna neno la kukumbuka: wakati wa Liberty, jeshi la Marekani lilikuwa tayari limeanza kutumia ordinatere katika mtandao wake wa inchi kavu, wenye uliitwa AUTODIN. Mashine haikuwa haipo. Lakini mashine inapeleka ujumbe pahali alama ya njia inasema. Mtu akiandika alama ya Ufilipino, mashine inapeleka Ufilipino, haraka na bila kuuliza.

Kimya chenye hakuna aliyekisikia

Miaka 22 kabla ya Liberty, jeshi hilo hilo lilipata hasara kubwa zaidi kwa ujumbe. Meli ya vita Indianapolis ilikuwa imetoka kupeleka vipande vya bomu la atomiki kwenye kisiwa cha Tinian. Kisha ilitoka Guam kuelekea Leyte, Ufilipino. Usiku wa tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka wa 1945, meli ya Japani ya chini ya maji iliipiga kwa torpedo. Ilizama katika dakika 12. Ndani yake walikuwa watu 1,195.

Meli ilipaswa kufika Leyte tarehe 31. Haikufika, na hakuna mtu aliyeuliza. Watu wa meli hiyo walikaa majini siku ine hivi, bila chakula, bila maji ya kunywa, kati ya papa. Tarehe 2 mwezi wa 8, piloti mmoja aliyekuwa katika ulinzi wa kawaida aliwaona kwa bahati. Walipona 316 tu.

Kwa nini hakuna aliyeuliza? Ujumbe juu ya safari hiyo ulitumwa kwa biro mbalimbali. Biro ya amiri mwenye alipaswa kupokea meli ilipata maneno yenye yameharibika, wakashindwa kuyasoma, na hawakuomba yarudiliwe. Biro ya bandari ilipata ujumbe mzuri. Walijua siku ya kufika. Lakini kulikuwa na amri kwamba kufika kwa meli za vita kusitolewe ripoti. Wafanyakazi walielewa kwamba hata kutofika kusitolewe ripoti. Jina lilibaki ubaoni, siku zikapita.

Visa hivi viwili vinafundisha mambo tofauti. Kwa Liberty, ujumbe ulipotea njiani. Kwa Indianapolis, ujumbe ulifika, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kuona kimya. Mtu mwenye anataka kutengeneza programu ya kushughulikia ujumbe anapaswa kujibu yote mawili.

Ordinatere zinaingia ndani ya meli

Katika miaka ya 1970 jeshi la majini la Marekani lilianza kuweka ndani ya meli mfumo wenye kuitwa NAVMACS. Ulitumia ordinatere ndogo kwa wakati ule, ingawa kwa macho ya leo ni sanduku kubwa la chuma. Mwaka wa 1978 satelite ya kwanza ya mawasiliano ya meli za jeshi hilo, katika mfululizo wa FLTSATCOM, ilipelekwa juu. Kwa njia ya satelite, meli nyingi zilianza kuzungumza na kituo cha inchi kavu katika njia moja, kila moja kwa zamu yake. Ordinatere ya kituo njo iligawa zamu.

Programu hiyo ilifanya nini hasa? Haikufanya maajabu. Ilichukua kazi tano zenye mhudumu wa redio alikuwa anafanya kwa macho na mikono.

Ya kwanza ni kuchagua. Programu ilisoma anwani ya kila ujumbe, ikalinganisha na orodha ya anwani za meli, ikahifadhi zinazohusika na kuacha zingine. Mhudumu hakulazimika tena kusoma mamia ya karatasi za wengine.

Ya pili ni kuhesabu. Ujumbe wa matangazo ya pamoja una namba za mfululizo. Kama namba 214 imeingia na baada yake ikaingia 216, kuna moja imepotea. Mtu mwenye amechoka saa kumi ya usiku anaweza kuruka hilo. Mashine hairuki. Inaonyesha kwamba 215 imekosekana, na meli inaomba irudiliwe. Hii kazi ndogo ya kuhesabu pengine njo iliokoa mengi kuliko mwendo wa haraka.

Ya tatu ni kupanga. Flashi inapita mbele na kengele inalia. Ya kawaida inangoja. Ya ine ni kuondoa marudio, kwa maana wakati mawasiliano ni mabaya, ujumbe mmoja unatumwa mara mbili, tatu, na wakubwa wanapoteza muda kusoma kitu kimoja.

Ya tano ni kuthibitisha. Katika mawasiliano ya satelite yenye kwenda na kurudi, ordinatere ya meli inaijibu ya inchi kavu: nimepata, nimepata mzima. Kama jibu halirudi, upande wa kutuma unajua na unatuma tena. Wakati wa ukanda wa karatasi, mtu alisema "nimetuma" na moyo wake ukatulia. Sasa "nimetuma" haitoshi.

Baadaye, mtandao wa ndani ya meli ulipoingia, ubao wa karatasi nao ulianza kuacha kuzunguka. Ujumbe wa mafuta ulienda kwa mwenye mafuta, wa hali ya hewa kwa mwenye kuongoza meli, na kapiteni aliona katika skrini yake. Mhudumu wa redio hakuondoka, lakini kazi yake iligeuka. Sasa anasimamia mashine, na anatazama yale mashine imeshindwa kupanga.

Mahali programu inasimama

Mtu angedhani kwamba hapo tatizo limekwisha. Halikuisha, na jeshi lenyewe lilipata somo hilo kwa damu ya watu wengine.

Tarehe 3 mwezi wa 7 mwaka wa 1988, katika Ghuba ya Uajemi, meli ya Marekani USS Vincennes ilirusha makombora na kuangusha ndege ya abiria ya Iran, safari namba 655. Watu wote 290 walikufa. Vincennes ilikuwa na mfumo wa ordinatere wa kisasa kabisa, wenye kuitwa Aegis. Uchunguzi wa jeshi la Marekani lenyewe ulikuta kwamba kumbukumbu za mashine zilionyesha ndege ikipanda juu, kama ndege ya abiria yenye imetoka uwanjani. Lakini katika chumba cha mapigano, watu walimwambia kapiteni kwamba inashuka kuelekea meli. Mashine ilikuwa na habari ya kweli. Kati ya skrini na sikio la kapiteni, ndani ya hofu ya dakika chache, habari iligeuka.

Siku za karibuni pia kuna mfano. Tangu mwisho wa mwaka wa 2023, meli za Marekani na za wenzake zilikuwa katika Bahari Nyekundu wakizuia makombora na ndege zisizo na piloti za Wahuthi wa Yemeni. Tarehe 22 mwezi wa 12 mwaka wa 2024, meli USS Gettysburg iliangusha ndege ya vita ya Marekani yenyewe, ya kundi lake. Piloti wote wawili waliruka na kuokolewa. Meli ile haikukosa ordinatere wala satelite. Ndege na meli walikuwa wa jeshi moja, kazi moja.

Leo majeshi makubwa wanazidi kuweka pesa katika programu za kuchambua habari, hata zile za akili bandia, kwa kuwa habari zenye kuingia ni nyingi kupita uwezo wa mtu kusoma. Hilo linaeleweka. Lakini visa hivi vinaonyesha mambo matatu yenye programu haitengenezi peke yake.

Kwanza, haimzuii mkubwa kuandika "haraka" juu ya kila kitu. Programu inatii ngazi yenye mtu ameandika. Kama biro kumi zinaandika flashi kwa mambo ya kawaida, kengele italia mpaka watu waizoee, na siku ya kweli hakuna atakayeinua kichwa. Hiyo ni kazi ya nidhamu, na wakubwa njo wanapaswa kuanza wao wenyewe.

Pili, mashine inajua kama ujumbe umefika ndani ya ordinatere. Haijui kama umefika ndani ya akili ya mtu. "Imepokelewa" na "imeeleweka" ni mambo mawili.

Tatu, haisukumi mtu kutenda. Baada ya kusoma, kuna mwenye anapaswa kuamua na kutoa amri. Kama haijaandikwa ni nani, ujumbe utalala kwenye skrini vile ulilala kwenye karatasi.

Na huku kwetu, kati ya fonie na simu

Mashariki mwa Kongo wanajua habari hizi bila kusoma vitabu vya jeshi la majini. Kabla ya simu kuenea, na hata leo katika pembe zenye hazina rezo, fonie njo ilibeba habari: za misheni, za hospitali, za wafanyabiashara, za familia zenye watu wao wako Shabunda au Walikale. Mtu anafika kwenye kabini, anatoa ujumbe, mhudumu anaita upande wa pili, na upande wa pili unatuma mtoto kwenda kuita mwenye habari. Wenye kufanya kazi ya fonie wana desturi yenye mabaharia pia wanayo: kurudilia. Upande wa pili unasoma tena yale umesikia, na wa kwanza anasema ndiyo. Kazi hiyo ya kuthibitisha ilifanyika huku miaka mingi bila ordinatere.

Kaskazini, katika Haut-Uélé na Bas-Uélé, baada ya mauaji ya LRA ya Noeli ya mwaka wa 2008, mashirika pamoja na watu wa Kanisa Katoliki waliweka mtandao wa redio za masafa marefu katika vijiji. Vituo vilizungumza mara mbili kwa siku, kwa saa zenye zinajulikana. Faida yake haikuwa tu kupeleka habari ya hatari. Kituo chenye hakikujibu kwa saa yake nacho kilitoa habari: kuna kitu kimetokea, au betri imekufa, lakini mtu aulize. Kama biro moja tu ya Leyte ingekuwa na desturi hiyo mwaka wa 1945, watu wa Indianapolis wasingekaa majini siku ine.

MONUSCO nayo ilitengeneza mitandao ya alerte katika vijiji vya mashariki, na watu wa mawasiliano wenye walipewa simu na namba za kuita. Habari nyingi zilipita kwa njia hiyo. Lakini mashariki wanakumbuka pia Mutarule, katika teritware ya Uvira. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa 6 mwaka wa 2014, watu 30 hivi au zaidi waliuawa kule. Human Rights Watch iliandika kwamba jeshi la serikali na askari wa Umoja wa Mataifa walijulishwa kwamba mashambulizi yanaendelea, lakini hawakufika kuyazuia. Pale ujumbe haukupotea kama wa Liberty, na maneno hayakuharibika kama ya Indianapolis. Simu ziliita na watu walisikia. Kilichokosekana ni hatua ya mwisho, ile yenye hakuna programu inaweza kununua.

Askari wa MONUSCO waliondoka Kivu ya Kusini katikati ya mwaka wa 2024. Vita vya mwaka wa 2025 vilibadilisha tena nani yuko wapi na nani anapokea simu za nani. Katika hali kama hiyo, anwani zinazeeka haraka. Namba yenye ilikuwa ya komanda mwaka jana leo imezimwa au iko mikononi mwa mwingine. Ujumbe unatumwa "Ufilipino" na mtumaji anadhani umefika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua mashine

Mara kwa mara shirika fulani linafika na mradi: programu mpya ya kupokea alerte, ramani kwenye skrini, simu za bure. Mara nyingine ni kundi la WhatsApp tu la komite ya kijiji, lenye watu 200, na kila asubuhi kuna salamu, picha, sala, na katikati yake habari moja ya hatari. Vyote viwili vinaweza kusaidia. Lakini visa vya majini vinaonyesha cha kuuliza kabla ya kushangilia.

Swali la kwanza: orodha ya wapokeaji inasahihishwa na nani, na mara ngapi? Orodha yenye haina mwenyewe inakufa kimyakimya.

La pili: ngazi za haraka ni ngapi, na nani ana ruhusa ya kutumia ile ya juu? Katika kundi la simu, hilo linaweza kuwa jambo dogo sana: kundi moja la mazungumzo, na kundi lingine la hatari tu, lenye salamu haziingii.

La tatu: mtumaji anajua namna gani kwamba ujumbe umefika na umeeleweka? Alama mbili za bluu hazitoshi. Mtu arudilie: "Nimesikia, kijiji fulani, saa fulani, watu kadha."

La ine: kimya cha nani kinapaswa kutushtua, na baada ya saa ngapi? Mashua yenye ilitoka Kalemie na haijafika, kituo cha afya chenye hakijapiga simu siku mbili, mwalimu mwenye alikwenda kuchukua mshahara na hajarudi. Lazima kuwe na mtu mwenye jina lake limeandikwa pale, mwenye kazi yake ni kuuliza.

La tano ni zito kuliko yote: baada ya kupokea, nani anatoka, na kwa nini hakutoka siku ile? Jeshi la Marekani lilitoa majibu ya Liberty mbele ya bunge lake, hata kama yalichelewa miaka ine na yalikuwa ya aibu. Kwa mauaji mengi ya mashariki, bado hakuna aliyeitwa kueleza simu ya usiku iliingia saa ngapi, nani aliipokea, na alifanya nini baadaye.